Mwajiri wa Karatasi

Kwa mujibu wa sheria za Urugwai,
mimi, Nibia Camejo, ghorofa ya tatu, Montevideo,
mlango unaokwama msimu wa baridi,
nina wafanyakazi mia mbili na kumi na wanne.
Sijamwona hata mmoja akipiga mwayo.

Kazi wanawafanyia wengine.
Huyu anawachorea Wadenmaki vifuniko vya pampu,
yule anakesha akihesabu makontena ya watu wa Busan.
Mimi nakata kodi, napeleka michango ya uzeeni,
na Disemba naongeza ule mshahara wa kumi na tatu
ambao ng'ambo huniuliza kila mwaka: huu nao wa nini?
Wa sheria, nawajibu.
Hawaelewi, lakini wanalipa.

Ni kama wakili wa nikahi:
natamka "nimekubali" mbele ya mashahidi
kwa niaba ya bwana aliye mbali,
kisha narudi kwangu peke yangu
na udi wa watu kwenye nguo.

Walkiria Techera nilimjua kwa vyeti.
Alijifungua Machi, kwa upasuaji, mtoto wa kike.
Agosti jino la nyuma lilimlaza siku mbili.
Yuko Tacuarembó, anavaa vifaa vya masikio
vya kampuni ya Gothenburg, anasikiliza milio,
anaandika kasoro.

Asubuhi moja ya Juni akabisha hodi.
Saa tano ndani ya basi, koti limelowa ukungu,
mkononi chupa ya jamu ya maziwa
aliyoipika mama mkwe wake.
"Nimekuja kumwona mwajiri wangu," akasema.
Nikageuka kutazama nyuma.
Ukutani palikuwa na kalenda.

Benki walimkatalia mkopo wa paa.
Karani alimwuliza: mwajiri wako anatengeneza nini?
Akajibu: hati za malipo.
Karani akacheka, akafunga faili.
Basi akaja kuhakikisha kwamba nipo.

Nilimpa barua yenye mhuri.
Nikamtilia mate, tukapokezana mrija mmoja.
"Kumbe una mvi," akasema, tukacheka.
Nikauliza kama mtoto analala usiku.
Akashtuka. "Nani kakwambia nina mtoto?"

Wiki tatu hazijatimia, Gothenburg wakaandika mistari minne.
Bajeti. Mwisho wa mwezi. Asante. Tafadhali shughulikia.
Neno lile lile tunalotumia kwa mazishi.

Nikahesabu.
Likizo, siku kumi na moja hakuzichukua.
Kipande cha mshahara wa kumi na tatu.
Kiinua mgongo, kila mwaka kwa mwezi mmoja:
jina zuri kwa kitu
kinachomkuta mtu ndiyo kwanza ameinamishwa.
Hesabu ilitoka sawa hadi senti.
Sheria niliitimiza yote, hakuna wa kunilaumu,
na hilo ndilo lililoniudhi.

Barua ilisema: Sisi, mwajiri wako, tumeamua.
Nilitaka kulifuta lile "tumeamua".
Nikaandika "wameamua", nikasoma,
nikalirudisha la kwanza,
maana mahakamani hakuna "wao",
kuna mimi.
Nikatia saini.

Alipiga simu jioni. Hakuuliza kwa nini.
Aliuliza kama ile barua ya benki
bado ina nguvu.
Nikasema hapana.
Akanyamaza, na nyuma ya ukimya wake nikasikia mvua,
sikujua kama inapiga juu ya paa
au ndani ya ndoo.

Jamu niliimaliza kwa kijiko, nimesimama, bila mkate.
Chupa nikaiosha.
Bibi yangu alikuwa akisema
chombo cha mtu hakirudishwi kitupu,
na mimi nimetafuta cha kutia
tangu Julai.
Ipo dirishani.
Kwa sasa ina pini za karatasi.