Kifutio

Mlio mmoja mrefu, mitatu mifupi,
kisha kimya.
Guram anahesabu kwa vidole, anaandika
pembeni mwa bili ya gesi
kana kwamba mashine imempigia simu ya upepo.

Hapa Rustavi, Januari haina adabu.
Tunapasha moto chumba kimoja tu,
na kompyuta inakaa kile kingine,
juu ya meza ya cherehani ya marehemu mama,
na miaka yake kumi na tisa na koti lake la vumbi.
Jumanne iliwaka.
Jumatano ikawaka nusu: feni ikazunguka,
taa ya kijani ikakonyeza, skrini ikabaki nyeusi.
Alhamisi, hata kukonyeza haikukonyeza.

Mume wangu alitengeneza lifti miaka thelathini.
"Kila lifti husingizia injini," husema,
"kumbe ni mlango."
Basi akaanza na mlango: akafungua ubavu wa mashine,
akapuliza vumbi, akapiga chafya saba,
akachomoa nyaya akazirudisha,
akabadili ile betri ya duara, saizi ya tetri ishirini,
maana saa ya ndani ilikuwa imerudi nyuma
hadi mwaka mashine ilipozaliwa.
Nikamwambia, nami nirudishe huko,
goti langu lilikuwa zima.
Hakucheka. Alikuwa na bisibisi mdomoni.

Kisha akatoa kadi za kumbukumbu, mbili,
nyembamba kama kaki,
akaomba kifutio.
Nikampa kile cha Nestani, cha waridi,
chenye alama za meno yake ya darasa la pili
(sasa yuko Bari, anaosha wazee wa watu).
Akaketi dirishani
akazisugua kumbukumbu kwa kifutio,
taratibu, mpaka vile vijino vya dhahabu vikang'aa,
nami nimesimama na taulo mkononi, nikiwaza:
ndivyo ilivyo, kumbe?
Unafuta ili ikumbuke?

Mlio mmoja mrefu. Mitatu mifupi.

Vazha wa ghorofa ya pili akaja na soksi,
akamulika tochi.
"Tazama kapasita, vichwa vimevimba kama maandazi.
Hii ni maiti, Guram. Izike."
Akanywa kahawa yetu, akaenda zake.

Ndani yake mna njiwa.
Njiwa mia mbili na kumi na mmoja
aliowafuga juu ya paa, kabla paa halijauzwa:
jina, baba, mama, rangi ya bawa,
siku aliyorushwa,
siku ambayo hakurudi.
Hakuandika pengine popote. Nilimwambia.
Mimi husema mengi.

Usiku ule alilala na koti.
Nikaosha nywele, na kwa kuwa hita
haipendi kugawana umeme na mtu,
nikaenda kuzikausha kule kwenye baridi,
mbele ya mashine iliyo wazi tumbo.
Nikaviona vile vichwa vilivyovimba.
Sijui niseme nini. Vilionekana vina baridi.
Nikavigeuzia draya.

Dakika kumi, nywele zangu zikichuruzika shingoni.
Nikabonyeza.

Mlio mmoja, mfupi, mkavu,
kama mtu aliyeitwa akasema *naam*.

Sikumwamsha palepale. Nitakiri.
Nilifungua orodha nikashuka nayo kwa kidole,
njiwa baada ya njiwa, mpaka wa mia na nne:
*Tsiala. Jike. Kijivu, shingo ya zambarau.
Hasikii filimbi. Hurudi akitaka.*
Na kwenye safu ya siku ambayo hakurudi,
pako wazi.

"Guram!" Huku draya naielekeza palepale,
mkono umeanza kufa ganzi.
"Guram, amka! Leta flashi,
kabla haijapoa."