Njia ya Tarishi

Asubuhi hiyo mlima ulikuwa umevaa kofia ya ukungu
hadi machoni. Bárður akaangalia saa yake,
ile inayohesabu hatua na mapigo ya moyo,
akasema, "Shangazi, handaki lina taa.
Kwa gari ni dakika nne."

Najua. Nilikuwepo walipokata utepe.
Nilikula keki.

Tukaanza kupanda.
Nyasi zilikuwa zimelowa, zinateleza kama mgongo wa samaki.
Kondoo walitutazama kwa dharau ya wenye nyumba;
mmoja akakojoa, akaendelea kutafuna.
Kushoto, ukingo. Chini ya ukingo mita mia nne za hewa,
na chini ya hewa bahari ya kaskazini,
ikigonga mwamba kwa ukaidi wa mdai.

"Usitembee huku unatazama," nilimwambia.
"Simama, ndipo utazame.
Macho na miguu havishiki zamu moja."

Baba yangu alipita hapa mara tatu kwa juma,
mfuko wa barua begani, miaka thelathini na mmoja.
Posa, madeni, majibu ya hospitali, mbegu za viazi.
Mara moja, kitanda cha mtoto, mgongoni, miguu yake juu,
hata walioko bondeni wakadhani
wanateremkiwa na mnyama asiye na jina.

Ukungu ukashuka bila hodi.
Mlima ukafutika. Bahari ikabaki sauti.
Saa ya Bárður ikatafuta setilaiti, ikazunguka, ikazunguka,
ikakata tamaa.

"Tumepotea?"
"Bado. Tumesimama tu."

Tukaketi. Nikakata nyama ya kondoo iliyokaushwa na upepo.
Inanuka soksi, alisema, akala vipande vitano.
Mahali fulani chini yetu ndege elfu waligombania vyumba jabalini,
wala hatukuona hata unyoya.
"Ukungu hupumua," nikasema. "Ukivuta pumzi, njia huonekana.
Ukiitoa, basi tena. Hesabu."
Akahesabu, midomo ikicheza. Kumi na sita. Kumi na saba.
"Pale! Shangazi, pale!"
Mrundo wa mawe, kimo cha mtu, umeinama kidogo
kama aliyesahau alichokuja kufanya.

Toka mrundo hadi mrundo tukavuka,
yeye mbele sasa, akiniita, akinisubiri,
mimi nyuma na goti langu
linalojua kwamba kupanda ni mkopo, kushuka ndiko kulipa.

Kwenye mrundo wa mwisho alipachika jiwe lake,
likaanguka, akalipachika upya, kwa kabari ya changarawe.
Kisha, bila kunigeukia:
"Babu aliwahi kupoteza barua?"
"Moja."
"Ya nani?"

Upepo ukageuka. Bonde likafunguka lote kwa mara moja:
mapaa saba ya nyasi, kijito, kamba ya nguo,
na bomba moja tu linalotoa moshi.

Nikamwonyesha lile la moshi.
"Tangulia ukaombe chai," nikasema.
"Mimi nitafika."