Somo la Kumi na Moja

Kabla sijabonyeza kitufe chekundu
nahamisha ndoo, nashusha picha ya msiba wa baba,
nakunja kanga ya pazia, maneno yake yasisomwe.
Nabaki mimi, ubao wa plaiwudi na chaki mbili.
"Karibuni. Mwalimu Kasanda, kemia, kidato cha tatu."
Nyamizi nimemwacha jikoni.

Mkaguzi alisema: siku hizi mwalimu asiyeonekana
ni tumbaku bora iliyosahauliwa bani.
Sawa. Lakini tumbaku nayo hupangwa madaraja
na mtu asiyejua iliota shamba la nani.

Basi Urambo inanijua nusu:
mikono, sauti, mlinganyo uliokaa sawa.
Haijui bando naazima kwa Mama Shija.
Haijui Jumapili ile.

Jana usiku, ujumbe. Namba ngeni, wa Kaliua:
"Mwalimu, asidi nimeielewa.
Ila yule mtoto anayekohoa nyuma,
dakika ya sita,
alipona?"

Nikasikiliza tena. Kweli.
Kikohozi kimepenya tofali za kuchoma,
kikapita katikati ya chumvi na maji
kama mgeni asiyebisha hodi.
Nilifunga yote yanayoonekana,
nikasahau kwamba nyumba ina sauti.

Kidole kikasimama juu ya "futa"
mpaka kioo kikazimika chenyewe.

Somo nimeliacha lilivyo.
Nilimjibu neno moja: "Alipona."
Kisha nikazima data, nikaenda kumvuta shuka,
maana hulala miguu nje.

Jina lake hakuliuliza.
Angeliuliza, nisingelisema.