Uzito wa Gari Tupu

Kazi yangu ni kupima.
Mwaka wa thelathini na mbili huu, ndani ya kibanda cha vioo
langoni mwa kiwanda cha sukari, huku kwetu Poland, kwenye tambarare,
malori yakipanda mizani yameshiba viazi-sukari,
yakirudi matupu, matope yakining'inia.
Nalipima limejaa. Nalipima tupu.
Natoa hili katika lile. Kinachobaki ni haki ya mkulima.

Jumapili Seweryn, mtoto wa marehemu kaka, alikuja toka chuoni.
Akalaza uma kando ya sahani:
"Shangazi, wewe ndiye mtu wa mizani.
Dini imetujenga au imetubomoa? Nipe jibu kwa kilo."
Mama akaanza kuokota makombo yasiyokuwepo.
Supu ikapoa.

Usiku nilijaribu. Haki ya Mungu, nilijaribu.

Nilimpandisha kwanza Padri Hieronim.
Ule mwaka wa vifaru barabarani
alimficha Gracjan, fundi umeme, siku kumi na moja
nyuma ya madhabahu, kati ya mapazia ya Kwaresima
na ng'ombe wa plasta wa hori la Noeli.
Askari walipoingia aliwauliza kama wamekuja kuungama.
Unga wa msaada aliugawa kwa kikombe,
na wasiokanyaga kanisani aliwaita wa kwanza.

Padri huyohuyo, miaka mitano baadaye,
alisimama kizingitini petu, theluji ikiyeyuka mabegani,
akasema Wit hapigiwi kengele.
Aliyejitoa roho halali katikati ya waumini.
Tukamzika kaka yangu kule ukutani,
wanakotupa mashada yaliyokauka.
Gracjan alishika kamba ya jeneza. Padri hakuwepo,
lakini Gracjan aliinamisha uso kana kwamba yupo.
Seweryn, miaka mitatu, kofia imemziba macho,
aliuliza mbona kengele imenyamaza.

Sasa ana ishirini.
Bado anauliza hilohilo, ila kwa maneno ya chuo.

Na Apolonia je, aliyemweka Fajga mshona nguo
chini ya banda la nguruwe miezi kumi na tisa ya vita?
Alisema Mungu ndiye aliyemtuma.
Jirani aliyekwenda kunong'ona kwa Wajerumani
naye alisema Mungu ndiye aliyemtuma.
Jumapili walipiga magoti benchi moja,
na ukisikiliza sauti tu
usingejua ipi ni ya nani.

Lori lililojaa naliona. Nimeliona maisha yangu yote.
Lakini nani amewahi kutuona sisi tumeshusha,
tukipita wepesi juu ya chuma hiki,
ili nijue woga wetu ulikuwa kilo ngapi kabla ya sala,
na huruma ilikuwa kilo ngapi kabla ya kufundishwa jina lake?
Wakubwa wa Chama walijaribu kutushusha kwa nguvu.
Waling'oa misalaba madarasani,
ukutani yakabaki madoa meupe yenye umbo la msalaba,
na watu wakaendelea kusengenyana kama kawaida.

Kila Watakatifu Wote, nikifika kaburini kwa Wit,
nakuta mshumaa umeshawashwa.
Kioo chekundu, cha bei rahisi, kile kinachouzwa mlangoni mwa kanisa.
Si wangu. Si wa Mama, magoti yake hayapandi tena kilima.
Padri Hieronim sasa ni mzee wa mkongojo;
Gracjan naye ni mzee.
Sijauliza. Mwaka juzi nilikuta nyayo kwenye ukungu wa nyasi
nikapita juu yake makusudi.

Leo asubuhi, kabla ya lori la kwanza,
nilikichukua kioo cha mwaka jana, nta imeganda chini,
nikakiweka katikati ya mizani, mita kumi na nane za chuma.
Nikarudi kibandani kusoma.

Sifuri.
Mizani hii haioni kitu chini ya kilo ishirini.

Nje dereva anapiga honi.
Nitamwambia Seweryn nini?
Kwamba nilipima. Kwamba kioo kiko hapa dirishani, kando ya birika,
na akija Novemba ataniambia yeye
ni nani wa kukirudisha.