Isale la Picha

Saa tatu usiku, Kibosho. Masika yamekata umeme.
Simu ikatetemeka juu ya gunia la mbolea:
picha moja, bila salamu.
Jani la isale, limefungwa fundo,
limelazwa juu ya meza nyeupe nisiyoijua.

Epimaki.

Miaka kumi na miwili na miezi minne
tangu fedha za kahawa ya baba zipande basi la Nairobi
mfukoni mwake, zisishuke.

Nikaitanua picha kwa vidole viwili.
Nyuma ya jani, chungu cha plastiki,
na ukingoni kibandiko cha bei, kwa kroni.
Kumbe Uswidi wanaliuza dukani,
pambo la sebule, kando ya televisheni,
jani hili ambalo kwetu hushika mpaka
wa kihamba na kihamba,
na ukiling'oa usiku
hata mbwa wa jirani anakujua.

Mke wangu akasema: Picha si jani.
Shangazi Filomena, ambaye nilimpigia kabla chaji haijaisha:
Isale hupokelewa kwa mikono miwili, mwanangu,
mbele ya watu, na pombe ikiwepo.
Wewe umelipokea kwa kidole gumba.
Nikashusha pumzi. Basi halijafika.

Lakini Jubileti, binti yangu, fundi wa simu pale Mbuyuni,
akachungulia begani kwangu, akacheka:
Baba, umeshaifungua. Tiki zimekuwa buluu.
Ameona kwamba umeona.

Na isale likishapokewa halirudishwi.
Hilo hatulijadili, tulizaliwa tukalikuta.

Nikaliangalia tena lile fundo.
Amelifunga kwa kushoto,
kama baba alivyofunga kamba ya ng'ombe,
kama mimi nisivyoweza.

Chaji asilimia nne.
Huko kwake ni saa mbili. Juu ya jina lake:
anaandika…
pakawa kimya.
anaandika…
pakawa kimya tena, mvua ikipiga bati peke yake.

Fedha zile bado nazidai. Nilitaka kuanza na hilo.
Nikaandika: Usiliweke dirishani,
jua litaliunguza.
Nikafuta.
Asilimia mbili.
Nikaandika tena.