Nani Mwenzangu?

Saa tano na robo, Isevya, bati limeanza kulia kwa jua,
namimina asali kwenye chupa za maji,
vidole vinanata, na simu inaita.
Namba ngeni. Mwisho wake sita-sita-nne.
Naibonyeza kwa kifundo cha kidole.
"Ile hela usitume kule, tuma kwenye namba hii,
jina litakuja Gaudensia."
Hela ipi, baba? Mimi ndiye ninayedai.
Kakata.

Jana alikuwa mwenye nyumba wangu.
Nyumba nimejenga mwenyewe,
misimu minne ya mizinga ya Ipole.
Juzi alikuwa mwalimu mkuu: mwanao kaanguka, damu, haraka.
Mwanangu ana miaka thelathini na mmoja,
yuko Urambo anapanga tumbaku kwa madaraja,
na akianguka huinuka mwenyewe.
Lakini nilikaa chini. Niseme kweli:
kabla akili haijahesabu miaka yake
magoti yalikuwa yameshakubali.

Masele, mtoto wa kaka, akanionea huruma.
"Shangazi, weka programu hii. Mgeni akipiga
jina lake linatokea kabla hujapokea."
Akaandika namba yangu kwenye simu yake nione,
kiduara kikazunguka, kikazunguka,
nikatokea.

*Nyamizi Asali Mjane.*

Asali, sawa, nauza. Nyamizi nimezaliwa nalo.
Lile la tatu
nani kalibandika mlangoni kwangu
kila mpita njia alisome?
Mteja fulani aliniandika hivyo asinisahau,
siku moja akabonyeza "kubali",
nami nikawa nimekubaliwa.

Nikauliza: na mimi nikiiweka, inataka nini?
Masele akajikuna shingo.
"Inaomba majina yako yote tu."

Tu.
Humo yumo Kliniki Alhamisi.
Yumo Usipokee, ambaye huwa napokea.
Yumo Deni Elfu Kumi na Mbili, mtu mzima,
ana heshima zake msikitini.
Yumo Yule wa Mpanda, na hapo naomba tupite.
Yumo marehemu mume wangu; namba yake ameshapewa mtu mwingine,
sijaifuta.
Niwachukue wote hawa nimkabidhi nisiyemjua
ili nimjue nisiyemjua?

Kwenye mdomo wa mzinga wapo nyuki walinzi.
Kila anayetua wanamnusa.
Wa kwao, pita. Wa wizi, wanamburuta nje kwa bawa.
Sijawahi kuwaona wakitoa masega
yakakaguliwe kwa jirani
ndipo wamtambue mwizi.

Nimenunua daftari la kurasa arobaini.
Namba ya uongo naiandika, na uongo wake mbele,
naituma 15040, kisha naifungia.
Gaudensia ana kurasa mbili.
Ngeni nyingine napokea. Ngeni ndiyo iliyoniletea
mteja wa ndoo sita kutoka Nzega;
na mwanangu alipoibiwa simu
aliazima ya mpishi wa kambini.
Ila jina langu silitangulizi.
Nauliza tu, nani mwenzangu?
halafu nanyamaza.
Mwenye shida yake huujaza ukimya kwa mahali:
"Mimi Kasanda, nyuma ya mashine ya kusaga, Kiloleni."
Tapeli huujaza kwa haraka.

Masele bado anayo programu yake, ni kijana, simlaumu.
Nilimwomba kitu kimoja, anibadilishe kwake.
Akafuta lile la zamani (kumbe hata yeye!),
akaandika: Shangazi.

Haya. Tabora nzima mashangazi tuko wangapi?
Nitafuteni.