Mnong'onezi

Kazi yangu ni kunong'oneza.
Nakaa nyuma ya pazia, shuka mbili za hospitali zilizoshonwa pamoja,
tochi mdomoni, karatasi magotini.
Mwigizaji akipotea namrudisha njiani
kwa neno moja, kama ndama kwa fimbo.

Mchezo ni wa mbali, wa Ayalandi.
Mwalimu Zihindula aliutoa kwenye Kifaransa
kwa miezi saba, na mishumaa mingi.
Ndugu wawili, shamba moja,
mama kitandani anahesabu ng'ombe waliokwisha uzwa.
Mvua, ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho.
Mkubwa amempiga mdogo kwa koleo,
amemfunika kwa rundo la udongo mweusi
ambao huko wanaukata, wanaukausha,
wanauchoma jikoni.
Kila asubuhi anampikia mama chai kwa moto huo.
Kila asubuhi rundo linapungua.

Tulibishana wiki nzima juu ya udongo unaowaka.
Nsimire wa mavazi akasema, watu watacheka,
nani amewahi kuchemsha maji kwa shamba lake?
Basi tukaazima magunia matatu ya makala
kwa mama Cibalonza wa soko la Kadutu,
kwa sharti kwamba yarudi yote, hata vumbi.

Koleo halikuhitaji tafsiri.
Wala mpaka uliosogezwa usiku, hatua nne.
Wala padri anayepita, anayebariki mlango,
anayeondoka bila kuuliza mdogo yuko wapi.
Pombe yao tuliiita kasiksi, ikaitika.

Murhula ndiye mkubwa.
Kwao ni Nyangezi.
Alikuwa na mdogo wake, Cizungu,
aliyekwenda Kamituga kuchimba dhahabu.
Ndivyo wanavyosema. Miaka minne, hata simu.
Shamba analima Murhula.
Mimi nilimpa karatasi zake, nikamwonyesha pa kusimama.
Sikuuliza.

Jumamosi, ukumbi wa parokia ukajaa hadi madirishani.
Mvua tulikuwa tumeitengeneza, maharage ndani ya karai,
lakini saa kumi na mbili ikashuka ya kweli,
mvua ya Bukavu, ile inayozunguka vilima
ikichagua nyumba za kuteremsha.
Bati likanguruma. Mtoto wa karai
aliendelea kutikisa maharage yake, kwa uaminifu,
hakuna aliyemsikia.

Watu walicheka pale mwalimu alipoandika: kimya.
Mama alipohesabu ng'ombe, wakahesabu naye,
kwa Kishi, kwa majina, na rangi zao.
Wakanyamaza pale alipoandika: wanacheka.

Halafu umeme ukakatika.
Limebaki neno moja tu la mchezo wote.
Mama ameuliza. Murhula amesimama mbele ya magunia,
namwona kwa tochi yangu, mgongo tu.

Nimemlaza pale chai yako inapotoka.

Nikanong'ona.
Akatulia.
Nikanong'ona tena, kwa nguvu, hadi shuka ikasogea.
Ya tatu nilikaribia kupiga kelele.
Mvua ilikuwa inasema peke yake.

Ndipo mstari wa tatu mama Cibalonza akainuka,
alikuwa amekuja kulinda mali yake,
akawasha simu, akaimulika jukwaa:
«Gunia la kati limepungua.
Nani ameligusa?»

Ukumbi ukacheka, mara moja,
kisha kicheko kikakatika kama umeme.
Murhula akaketi juu ya gunia, polepole,
akafunika uso kwa mikono miwili.
Wakapiga makofi.
Mwalimu hadi leo anadai alimwelekeza hivyo.

Jumapili tulirudisha makala, mimi na yeye,
tukipanda Kadutu kwa miguu, matope hadi kifundoni.
Gunia la kati alilibeba mwenyewe.
Karibu na soko akasimama kuhema,
akajifuta jasho, paji lote likawa jeusi.

«Jana,» akasema, «ulininong'oneza mara ngapi?»
«Tatu.»

Akaliinua tena gunia begani.
«Nilikusikia,» akasema, «ile ya kwanza.»